Hauna ugonjwa wa sukari? Angalia tena ile namba



Baada ya likelemba ya majuzi, mama mmoja wa chama chetu hapa Makomeno alibaki nyuma, akafungua pembe ya kitenge chake na kutoa karatasi ya laboratwari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepimwa damu asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni. Mbele ya neno glisemi paliandikwa 114. Aliyempa jibu alimwambia maneno machache tu: "Mama, hauna sukari, rudi nyumbani." Akarudi akishukuru Mungu. Lakini usiku usingizi ulikataa, ndiyo sababu akatuletea karatasi. Yaya yake alianguka AVC mwaka uliopita, asubuhi, akifua nguo: mdomo ukaenda upande, mkono wa kuume ukalala. Yaya huyo naye, kila alipopimwa, aliambiwa hana sukari.

"Sasa," alituuliza, "kama sukari haikuwapo, ni nini kilichoziba mshipa wa yaya?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tumetafuta, tumeuliza wenye kujua, tumesoma, na haya ndiyo tuliyopata. Tunaandika kwa wamama wote wenye karatasi kama ile nyumbani, na kwa wale ambao hawajapimwa hata mara moja.

Tuanze na namba yenyewe. Laboratwari nyingi huandika miligramu kwa desilita, yaani 114. Nyingine huandika gramu kwa lita, yaani 1,14. Ni kitu kimoja, usitishwe na koma. Shirika la Afya Duniani, hili tunaloliita OMS, linasema hivi kwa damu iliyopimwa asubuhi bila kula: kuanzia 126, tena ikirudiwa siku nyingine na kupatikana vilevile, ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 110 na 125 si ugonjwa, lakini si kawaida pia. Waganga wa Marekani ni wakali zaidi, wao huanza kuhesabu eneo hilo tangu 100. Basi mama wetu wa 114 hajavuka mto, lakini miguu yake imeshalowa maji.

Na hii 126 ilitoka wapi? Wengi wetu tunafikiri ni mpaka uliowekwa na mwili wenyewe: huku uzima, kule ugonjwa. Sivyo. Zamani mpaka ulikuwa 140. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani waliushusha hadi 126, na OMS ikafuata mwaka 1999. Walipouchagua waliangalia sana macho: ni kwenye sukari ya kiasi gani mishipa midogo ya ndani ya jicho huanza kuharibika? Huo ni ulizo mzuri kwa macho. Lakini mishipa ya moyo na ya kichwa haikuulizwa kwa namna hiyo hiyo, na yenyewe haikungoja 126.

Ushahidi wa hilo ni wa zamani kuliko tulivyodhani. Kule London, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanaume zaidi ya 18,000 waliokuwa wakifanya kazi katika maofisi ya serikali walinyweshwa maji ya sukari na kupimwa damu baada ya masaa mawili. Majibu ya vifo yalitolewa mwaka 1980. Wale ambao sukari yao baada ya masaa mawili ilikuwa imebaki juu kidogo, ingawa hawakuwa wagonjwa wa sukari, walikufa kwa moyo karibu mara mbili zaidi ya wenzao. Walikuwa wanaume watupu, kwa hiyo mwanamke angeweza kusema hayamhusu. Ndipo likaja jimbo la Norfolk, huko huko Uingereza, wakapimwa wanaume na wanawake 10,232 wenye umri wa miaka 45 hadi 79. Huko walitumia kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho huonyesha sukari ilikuwaje kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Majibu ya mwaka 2004: kila HbA1c ilipopanda kwa pointi moja, vifo vilipanda kwa karibu robo, kwa wanawake sawa na wanaume, na kupanda huko kulianza chini, ndani ya namba ambazo kila munganga angeziita nzuri.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana tunajua habari za namna hii zinavyopita avenyu hadi avenyu na kurudi zimekuwa kubwa mara kumi. Mwaka 2010 wataalamu waliunganisha uchunguzi 102 wa nchi mbalimbali, watu karibu laki saba. Waliona kwamba sukari ya asubuhi ikiwa kati ya 70 na 100, hakuna tofauti ya kuogopa. Ikiwa kati ya 100 na 110, hatari ya moyo hupanda kwa kama asilimia 11. Kati ya 110 na 125, kama asilimia 17. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari kamili, hatari yake ni karibu mara mbili. Maana yake 114 si hukumu ya kifo. Kama mama huyo angetuuliza, "Je, sukari hii peke yake itaniangusha?" tungemjibu: peke yake, haielekei.

Shida ni kwamba haitembei peke yake. Sukari iliyopanda kidogo hupenda kutembea na wenzake: tumbo lililoongezeka, mafuta mabaya ndani ya damu, na zaidi ya wote, tansyo. Ndiyo sababu siku ile tulimuuliza, "Na tansyo yako je?" Hakuna aliyempima. Tulimsindikiza apimwe. Ilikuwa 16 kwa 10. Mpaka ni 14 kwa 9.

Hapo ndipo tulipoona kosa lilipo. Kosa halikuwa katika namba, 114 ilikuwa namba ya kweli, na neno "hauna sukari" lilikuwa neno la kweli. Kosa lilikuwa kumaliza mazungumzo pale. Uchunguzi mkubwa juu ya AVC, uliofanyika katika nchi 32 na kutolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba karibu nusu ya AVC zote huunganika na tansyo. Mtu mweusi wa Afrika na tansyo ni jambo linalojulikana: humpata mapema na humpiga kwa nguvu. Hivyo ukiona sukari yako iko juu kidogo, kabla hujaanza kuhesabu vijiko vya sukari, tafuta mashine ya tansyo.

Tuingie sasa ndani ya mshipa, kwa sababu wengi husema sukari "huziba" kama matope yanavyoziba bomba la maji. Picha hiyo inasaidia kidogo, kisha inadanganya. Bomba ni kitu kilichokufa. Mshipa wa damu ni kitu kinachoishi. Ndani yake kuna utando mwembamba, laini, na kazi ya utando huo ni kuuambia mshipa ufunguke wakati damu inahitajika na kuzuia damu isigande ovyo. Sukari ikipanda juu baada ya kula, hata kwa saa moja au mbili, utando huo huchoka na hufunguka vibaya. Ikishuka, hupona. Ikipanda tena kila siku kwa miaka, kupona kunachelewa. Tena sukari inapozidi hujibandika kwenye nyama za mwili, kama vile inavyobandika vidole vya mtoto anayekula peremende, na mishipa hupoteza ulaini wake, inakuwa migumu. Mshipa mgumu huongeza tansyo, na tansyo huchubua utando. Mmoja anamsukuma mwenzake. Kwenye michubuko hiyo ndipo mafuta hujiweka, na siku moja kipande kikipasuka, damu huganda pale. Ikiwa ni kichwani, ndiyo AVC ya yaya.

Sasa tufike pale ambapo jambo hili ni letu kabisa, sisi tunaozaa.

Kuna sukari inayokuja wakati wa mimba na kuondoka baada ya kuzaa. Mama anaambiwa kliniki kwamba ana sukari ya mimba, anahangaika, anazaa mtoto mkubwa wa kilo nne na zaidi, watu wanashangilia "Mtoto mnene!", na sukari inashuka. Kila mtu anasahau. Lakini mwili ulikuwa umetoa habari. Mimba ni kama kupandisha gari mlima: ukiona injini inachemka pale, ujue hata kwenye tambarare kuna kitu cha kuangalia. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi uliokusanya habari za wanawake zaidi ya milioni tano. Wale waliopata sukari ya mimba walipata magonjwa ya moyo na mishipa karibu mara mbili ya wenzao. Wengine wangesema: bila shaka, ni kwa sababu baadaye walipata ugonjwa wa sukari wenyewe. Wachunguzi waliwatenga hao. Hata wanawake ambao hawakupata ugonjwa wa sukari kamwe, hatari yao ilibaki mara moja na nusu. Na haikungoja uzee, ilionekana ndani ya miaka kumi ya kwanza baada ya kuzaa.

Wamama, mtu mwenye miaka thelathini na tano, ana watoto wadogo watatu, hafikiri juu ya moyo wake. Anafikiri juu ya minervali ya shule. Tunaelewa. Lakini kama ulipata sukari ya mimba, au tansyo ya mimba yenye kuvimba miguu na uso (hiyo nayo huongeza hatari karibu mara mbili), andika jambo hilo mahali na ulitaje kila unapokwenda kwa munganga, hata kama umekwenda juu ya malaria. Mtoto akiwa kati ya majuma sita na kumi na mawili, rudi upimwe: sukari kabla ya kula, na ukiweza, tena masaa mawili baada ya kunywa maji yenye gramu 75 za glukozi. Chini ya 140 baada ya masaa mawili ni sawa. Baadaye rudia kila mwaka au kila miaka mitatu. Kadi ya kliniki usiitupe. Tumeona kadi zimefunika mitungi ya maji.

Neno moja juu ya kile kipimo cha HbA1c, kwa sababu laboratwari zimeanza kukisifu na bei yake si ndogo. Ni kipimo kizuri, ila kwetu kina mtego. Chenyewe huhesabu sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu, na hudhani kwamba chembe hizo zinaishi karibu miezi mitatu au minne kama kawaida. Lakini sisi ni watu wa nchi ya malaria, ya upungufu wa damu, na ya drepanositozi. Mtu mwenye SS, chembe zake zinakufa haraka, na HbA1c yake itaonekana nzuri hata kama sukari iko juu. Hata mwenye AS, ambaye si mgonjwa na ambaye tuko wengi, namba yake inaweza kutoka chini kidogo kuliko ilivyo. Hivyo ukijijua ni AS au SS, au umetoka kuugua malaria kali, au umeongezwa damu, mwambie munganga mapema. Kipimo cha asubuhi bila kula, cha bei ndogo, kinaweza kukuambia ukweli zaidi.

Na bila kula ni bila kula. Masaa manane. Chai yenye sukari saa kumi na mbili ya asubuhi ni kula. Kipande cha muwa ni kula.

Tufike kwenye bukari, maana tunajua ndiyo mliyoingoja. Kuna waganga wanaomwambia mama wa Lubumbashi, "Acha bukari," halafu wanafunga mlango. Aache ale nini? Bukari ndiyo chakula. Babu zetu waliokuja kufanya kazi katika migodi ya Union Minière, ile kampuni iliyoanza mwaka 1906, walipewa posho ya unga wa mahindi, na mahindi mengi yalitoka upande wa Rhodesia kwa gari la moshi. Kabla ya hapo wengi walikula mtama, ulezi na muhogo. Kampuni iliwapa unga kwa sababu ulikuwa rahisi kusafirisha na kugawa. Hatukuchagua sana. Mpaka leo, Zambia ikifunga mpaka wa unga, mji mzima hapa unaugua. Basi tusidanganyane kwamba tutaiacha.

Ila kuna bukari na bukari. Unga mweupe kabisa, ule wa Zambia unaoitwa breakfast, umeondolewa makapi karibu yote, na sukari yake huingia ndani ya damu haraka. Ule wa roller umebakiza makapi zaidi, na bei yake mara nyingi ni ya chini. Hapa kwetu watu hununua mweupe kwa ajili ya heshima, wageni wasije wakasema. Ukisaga mwenyewe kwenye mulino, omba wasikoboe. Kuchanganya na unga wa muhogo kunapunguza bei, lakini hakupunguzi sukari, hapo tusijidanganye.

Jambo la pili ni kiasi na mpango wa sahani. Nyumba nyingi za mji huu siku hizi hula mara moja kwa kweli, usiku, baada ya mama kurudi sokoni. Mtu ameshinda na vitumbua viwili na chai, kisha saa mbili ya usiku anaweka mlima wa bukari na kijiko cha mboga pembeni, anakula, analala. Hapo sukari inapanda juu sana na inabaki huko, kwa sababu mwili uliolala hauitumii. Hatulaumu mtu, ni mfuko unaoamua. Lakini hata kwa mfuko huo huo kuna la kufanya. Anza na mboga: kula sombe, lengalenga au matembele vijiko kadhaa kwanza, na samaki au maharagi kama yapo, bukari ije baadaye. Imepimwa, na sukari hupanda polepole zaidi kuliko ukianza na bukari. Maharagi ni dawa kubwa ya jambo hili, na kalanga ndani ya sombe inasaidia pia. Kama maharagi yapo leo, punguza bonge la bukari kwa robo, hutaona njaa, maharagi yanakaa tumboni. Na mboga isikaushwe chumvi na vile vikube vitatu vitatu. Vikube ni chumvi, na chumvi ni tansyo. OMS inataka mtu mzima asipite gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo ndani ya kikube.

Soda tutaisema kwa ufupi kwa sababu haina utetezi. Chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko saba vya chai. OMS inashauri ikiwezekana tusipite kama gramu 25 kwa siku nzima. Chupa moja imeshapita. Tunaweka kreti kwenye kila matanga na kila ndoa, na mgeni akipewa maji anaona amedharauliwa. Munkoyo wa nyumbani usiotiwa sukari unapendeza vilevile kwa wageni, ila wengi siku hizi wanaumwagia sukari nusu kilo.

Kuna jambo lingine tunalolisema kwa sauti ya chini, lakini lazima lisemwe katika gazeti la wamama. Vidonge vya kunenepa. Dada zetu hununua barabarani vidonge ili wapate mashavu na makalio, na ndani ya vingi mna deksametazoni, wengi huiita dexa. Ni dawa ya kweli, ina kazi yake hospitalini. Lakini ukiimeza kila siku bila munganga, hupandisha sukari, hupandisha tansyo, hujaza maji usoni na mafuta tumboni. Unene ule wanaousifu ndio mwili unaoharibika. Krimu nyingine za kujichubua zina dawa za ukoo huo huo, na zinapita kwenye ngozi. Tena kuna hatari ya pili: aliyezimeza kwa miezi mingi asiziache ghafla, anaweza kuzimia na kufa. Aende kwa munganga, aseme kweli, apunguziwe polepole. Mama akigundua binti yake ana sukari 118 kwenye umri wa miaka ishirini na mbili, aangalie kwanza kwenye sakoshi yake.

Na zile chupa za majani machungu, za "kusafisha damu"? Wapo watakaotukasirikia. Hatusemi majani yetu hayana nguvu. Tunasema kwamba mwenye 114 hahitaji kununua chupa ya franka elfu kadhaa kila juma, wakati fedha hiyo ingenunua maharagi na kulipia dawa ya tansyo. Ikiwa mtu ana tansyo ya 16 kwa 10 na ameacha vidonge juu ya chupa, hapo tunagombana naye waziwazi.

Je, namba hizi hurudi chini? Hurudi. Kule China, katika mji wa Daqing, mwaka 1986 walichukua watu 577 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini si ugonjwa, yaani watu kama mama wetu. Kliniki nyingine zikawafundisha kula na kutembea kwa miaka sita, nyingine zikaendelea kama kawaida. Wakafuatwa kwa miaka thelathini. Waliofundishwa walichelewa kupata ugonjwa wa sukari kwa karibu miaka minne, na ajali za moyo na AVC zilipungua kwa robo. Majibu ya miaka 23 yalikuwa yameshaonyesha jambo lililotufurahisha: waliofaidika zaidi walikuwa wanawake. Marekani nao walijaribu na watu zaidi ya 3,000, majibu yakatoka mwaka 2002. Kupunguza kilo chache na kutembea dakika 150 kwa juma kulizuia ugonjwa wa sukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilizuia kwa asilimia 31. Miguu ilishinda kidonge.

Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Wamama watasema, "Sisi tunatembea sana." Wengine ndiyo. Lakini yule anayepanda taksi-basi alfajiri, anakaa nyuma ya meza yake sokoni mpaka jioni, na kurudi kwa taksi-basi, hatembei, anachoka tu, na kuchoka si kutembea. Kama unakaa kwenye meza, simama kila nusu saa uzunguke dakika mbili tatu, mwenzako aangalie mali. Na baada ya chakula cha usiku usikimbilie kitanda. Dakika kumi na tano za kutembea baada ya kula hushusha sukari ya chakula kile kile ulichokula. Usalama wa usiku tunaujua. Zungukeni ndani ya parseli, au tembeeni wawili wawili kabla ya giza na kula mapema kidogo.

Mama wetu ameanza. Anatembea na jirani yake jioni, ameanza dawa ya tansyo aliyopewa hospitali, na soda ameiacha, ingawa amekiri kwamba ndoa ya Jumamosi ilimshinda. Sukari atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Anauguza yaya yake pia, ambaye mkono bado haujarudi.

Juu ya yaya huyo kuna jambo alilotuomba tuandike. Siku alipoanguka, watu walisema amelogwa, na ilipita siku mbili ya maombi kabla hajafikishwa hospitali. Maombi yana nafasi yake, hata njiani yanafaa. Lakini mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukilegea ghafla, maneno yakigeuka matope mdomoni, ni AVC, na masaa ya kwanza ndiyo yanayohesabiwa. Msimpe maji wala chakula, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Msimpe kidonge cha tansyo cha jirani. Mlaze kwa ubavu, kumbukeni saa iliyoanza, tafuteni gari. Hata ikipona yenyewe baada ya nusu saa, mpelekeni vilevile.

Kwenye mkutano wetu ujao tutakuwa na mashine ya tansyo na ya sukari. Anayetaka kupimwa sukari aje asubuhi bila kula, bila chai, na maji matupu yanaruhusiwa. Lete kadi za mimba zako zote, hata ile ya mtoto aliyeko sekondari. Karatasi za zamani za laboratwari ziko wapi? Zitafute chini ya godoro, uje nazo.